Hoki Juu ya Paa la Maegesho

Saa moja asubuhi, Jumapili, katikati ya jiji la Nairobi. Barabara za chini zimetulia, isipokuwa muuza magazeti anayepanga kurasa zake kwenye lami na kipaza sauti cha kanisa la ghorofani kinachojaribiwa: moja, mbili, moja, mbili. Juu ya paa la jengo la kuegesha magari, mahali ambapo siku za kazi huwezi kupata nafasi hata ya pikipiki, Caren Awiti ameshika paipu ya maji kama mtu aliyeshika nyoka shingoni.

Amevaa ovaroli ya buluu na gambuti. Anamwaga maji, anatupa sabuni ya unga, anasugua madoa ya mafuta ya gari kwa brashi ya mpini mrefu. Povu linakimbilia mfereji. Akifika katikati ya paa anafunga maji ghafla. Nusu ya pili anaiacha kavu, na vumbi lake lote, kisha anachora mstari wa chaki kati ya pande hizo mbili.

Wasichana kumi na sita wenye sketi za rangi ya damu ya mzee wanamtazama. Kila mmoja ana gongo la hoki mkononi. Wengine bado wameshika brashi, maana hapa mtu hachezi kabla hajasugua.

"Leo nusu maji, nusu kavu," Caren anawaambia. "Mpira ukivuka chaki, na wewe ubadilike. Asiyebadilika atabaki kusugua na mimi mpaka watu watoke kanisani."

Filimbi inalia. Mpira mweupe unateleza juu ya maji kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, unafika kwenye chaki, unaingia kwenye vumbi, unapunguza mwendo, unaruka kidogo. Msichana mmoja anayeufukuza anateleza, anakaa chini kwa makalio na kusafiri hivyo hivyo hadi kwenye nguzo. Wenzake wanamwimbia kuwa kuteleza si kuanguka.

"Hii ni kuanguka," anajibu akiwa pale pale, akipapasa nyuma ya sketi. "Kuteleza kulikuwa kule nilikotoka."

Mstari huo wa chaki haukuwapo juma moja lililopita. Umeletwa na mechi iliyochezwa Jumamosi ya wiki iliyopita, mechi ambayo Caren bado anaisimulia akiwa amesimama, kwa sababu akiisimulia ameketi anajikuta amesimama.

Caren ana umri wa miaka thelathini na minane. Kazini anajulikana kama Mama Sammy, kwa jina la mwanawe anayesomea ufundi wa umeme. Ni msafishaji wa jengo hili kwa mwaka wa saba sasa, kwa mshahara wa shilingi elfu tano na mia tano kwa mwezi, na anakaa chumba kimoja nyuma ya mtaa wa Woodley. Zamu yake huanza kabla jua halijachomoza na huisha saa sita mchana. Alasiri ni yake mwenyewe, na alasiri hizo amezitoa kwa Shule ya Wasichana ya Kirichwa, shule ya kutwa iliyo hatua chache kutoka kwake, ambako ni kocha wa hoki asiyelipwa chochote ila sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, siku ya Ijumaa.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Ukimuuliza, hakujibu kuhusu Kirichwa. Anakurudisha Ugenya, mwaka 1985.

Alikuwa kidato cha pili, beki wa kulia, anacheza bila viatu kama wenzake wote. Timu yao ilifika fainali ya mkoa mjini Kisumu na kufungwa mabao manne. Walirudi usiku wakiwa wamelala migongoni mwa wenzao kwenye lori. Asubuhi yake, mwalimu mkuu aliwapanga mstarini mbele ya shule nzima, akasema wameiaibisha shule, akaamuru magongo yote yakusanywe na kufungiwa stoo. Hoki ikaishia hapo.

"Mwaka uliofuata tukaomba stoo ifunguliwe," Caren anasema. "Tulikuta mchwa wamemaliza. Gongo langu nililijua kwa kamba ya mpini tu. Mbao ilikuwa unga. Hatukupigwa na Kisumu. Tulipigwa na kufuli."

Hilo halijamtoka. Mtoto akishindwa hesabu huongezewa masomo ya jioni. Mkubwa akishindwa kazi huhamishiwa ofisi nyingine yenye zulia nene zaidi. Lakini msichana akishindwa mchezo, hunyang'anywa mchezo wenyewe, kisha huambiwa ni kwa faida yake.

Basi alasiri moja miaka mitatu iliyopita, akitoka kazini, alipita kando ya ua wa Kirichwa akaona wasichana wanapiga mpira kama watu wanaofyeka nyasi. Mwalimu wa michezo alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine. Caren alisimama nje ya ua kwa muda akijizuia. Mwishowe akapaza sauti kwamba mkono wa kushoto ndio unaoongoza, wa kulia ni msindikizaji. Wasichana waligeuka kumwangalia mama mwenye gambuti. Mmoja wao, mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele, akamwambia kama anajua sana aingie.

Akaingia. Mrefu yule ndiye Wahu, nahodha wa leo.

Uwanja wenyewe unastahili kuelezwa. Ni murram tupu, udongo mwekundu na kokoto, umeshuka kidogo upande wa barabara. Mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni vumbi. Lakini ni uwanja, na upande huu wa jiji uwanja ni kitu cha kupigiwa saluti. Mwenye kumbukumbu na apande Barabara ya Ngong kwa miguu akitazama kulia na kushoto. Pale palipopangwa leo magari ya mitumba kutoka ng'ambo, vioo vimeandikwa miaka na bei, palikuwa na nyasi na milingoti ya magoli. Viwanja hivyo havikuhama. Vilichukuliwa, kimoja baada ya kingine, na kila mara sababu ilikuwa ile ile: hakitumiki.

Kirichwa walicheza vizuri kwenye murram yao, wakawafunga majirani, wakapanda ngazi. Machi ya mwaka jana, 2005, walifika nusu fainali ya mkoa wa Nairobi. Hapo ndipo walipokutana na zulia.

Nusu fainali huchezwa kwenye uwanja wa nyasi bandia. Nyasi hizo hufanana na zulia la kijani, na kabla ya mechi hunyunyiziwa maji ili mpira uende mbio. Wasichana wa Kirichwa hawakuwa wamewahi kulikanyaga. Wapinzani wao, shule ya bweni ambayo wao huiita "sketi za kijani", hulikanyaga kila wiki.

Kosa walilofanya siku hiyo lingeweza kufanywa na watoto wa murram tu. Kwenye kokoto mpira huruka kama panzi, kwa hiyo mchezaji hujifunza kuinua gongo kiganja kimoja kutoka ardhini na kuungoja hewani. Ni ujanja mzuri sana, nyumbani. Kwenye zulia lenye maji mpira hauruki. Unapita chini, umelala kifudifudi. Ukiinua gongo kiganja kimoja umeufungulia mlango na kuukaribisha ndani.

Mpira ukapita chini ya magongo mara kumi, mara ishirini. Mabao tisa. Kirichwa hawakupata hata moja.

"Nilikuwa naona mpira, nauwekea gongo, naskia hakuna kitu," Wahu anakumbuka. "Nageuka, naona uko kwa neti. Nikadhani nimerogwa."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Caren alipanda kusugua paa akiwa na mfuko wake begani, na ndani ya mfuko mpira wa mechi, kwa kuwa yeye ndiye huutunza. Hakuwa na furaha. Alikuwa ameshamwaga maji na sabuni kila mahali. Alipoinama kuokota brashi, mpira ukatoka mfukoni.

Ulianguka, na haukuruka. Uliteleza. Ukavuka paa lote bila kuinuka hata kidogo, ukagonga ukuta wa mbali, ukarudi nusu njia. Caren akauokota, akausukuma tena kwa brashi. Ukaenda vile vile. Akausukuma mara ya tatu, sasa akiwa ameanza kucheka peke yake.

Musembi, mlinzi wa jengo, alipanda kuona ni nani anacheka Jumapili asubuhi juu ya paa. Alimkuta Mama Sammy akipiga chenga kati ya nguzo kwa brashi ya kusugulia, gambuti zikirusha povu.

"Nilifikiri amepokea habari mbaya kutoka nyumbani," Musembi anasema. "Kumbe amepata uwanja."

Msimamizi wa jengo alikataa siku ya kwanza, akakataa na ya pili. Siku ya tatu Caren alimwendea na hoja nyingine: wasichana watakuja na brashi, watasugua paa lote kwanza, kisha watacheza juu ya maji yao wenyewe. Hapo msimamizi akafikiri upya. Kampuni ikapata wasafishaji kumi na sita bila kuongeza senti, na ikaita jambo hilo kusaidia jamii.

Hasira kuhusu mpango huo ilitoka Kinoo. Mama Wahu, anayeuza viazi kando ya barabara kuu kule, aliposikia binti yake anasugua mafuta ya magari ya watu mjini, alifunga kibanda na kushuka hadi jijini akiwa na aproni yake. Alipanda ngazi zote za jengo lile bila kupumzika.

"Mama Sammy," alimwambia Caren mbele ya timu nzima, "mimi nimechimba viazi nilipe karo. Kama ni kusugua, angesugua kwangu."

Caren alimwomba akae kwenye ndoo iliyogeuzwa, atazame kidogo, kisha akitaka amchukue mtoto wake. Mama Wahu akakaa, mikono kifuani. Mpira ukaanza. Baada ya muda mikono ilishuka. Baada ya muda zaidi alikuwa amesimama, akimwambia binti yake kwa Kikuyu kwamba yule wa kushoto yuko peke yake, mpe, mpe. Tangu siku hiyo huja na karai la viazi vya kuchemsha, na anayekosea pasi hupata kidogo.

Mwingine aliyevutwa na kelele ni Balwant Singh, mzee wa Kisikh mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili. Yeye husali mapema, kisha huja kufungua duka kwa saa mbili za Jumapili, na gari lake huliegesha katika jengo hilo. Aliposikia mlio wa mpira juu ya gongo alipanda ghorofa zote kwa miguu yake yenye baridi yabisi. Alicheza hoki ujanani, wakati Nairobi nzima ilikuwa ikikimbilia viwanjani kutazama.

Alitazama dakika chache, kilemba kikiwa na matone ya povu, kisha akasema jambo moja. "Mama, nyinyi mko na sakafu ya kimataifa na fimbo za kuua panya."

Jumapili iliyofuata alifungua buti la gari. Alikuwa amezunguka kwa wazee wenzake na kukusanya magongo yaliyokuwa yamelala nyuma ya makabati yao. Akawapa wasichana, si shule. Jambo hilo, wakati huo, lilionekana dogo.

Mwaka mzima walifanya kazi hiyo. Gongo chini. Goti chini. Usiungoje mpira, usiuinulie mlango. Caren alikuwa na neno moja tu, "Chini!", na Balwant akilirudia kutoka kwenye kiti chake cha kukunja, hadi Musembi, aliyesimama kwenye mteremko wa magari kuokota mipira iliyotoroka, naye akawa anapiga kelele hiyo hiyo akiwa peke yake na ukuta. Mpira mmoja uliruka ukingo ukatua katikati ya kurasa za muuza magazeti. Aliurudisha na ujumbe kwamba siku utakapomuua, habari ya kifo chake ichapishwe ukurasa wa kwanza.

Kisha, Januari mwaka huu, ikaja habari ya uwanja.

Mfanyabiashara wa magari alikuwa ameiomba bodi ya shule imkodishie ule uwanja wa murram apange magari yake. Watu walikuja na futi, wakapima, wakaweka alama za chokaa kwenye kona. Kwenye mkutano wa wazazi mwenyekiti wa bodi alisema uwanja ambao timu yake inafungwa tisa bila jibu hauwezi kuitwa uwanja unaotumika. Wazazi walipopiga kelele, akawapa nafuu yake: timu ikivuka nusu fainali mwaka huu, uwanja utabaki. Ikitolewa tena hapo hapo, uzio wa magari utaanza kuwekwa Jumatatu inayofuata.

Fikiria hilo. Shule inayokosa walimu, wasichana wa miaka kumi na sita, na mzigo wa kulinda ardhi ya umma ukawekwa kwenye magoti yao. Mahakama zipo. Wizara ipo. Lakini kesi ilipelekwa kwenye hoki.

"Niliskia mchwa," Caren anasema. "Pale mkutanoni, nikaskia wale mchwa wa Ugenya wakitafuna."

Nusu fainali ilikuwa Jumamosi. Wapinzani, sketi za kijani, wale wale. Caren alikuwa ameomba ruhusa kazini na kuvaa viatu badala ya gambuti. Mama Wahu alikuwapo, na Balwant, na mwenyekiti wa bodi mwenyewe chini ya mwavuli.

Na maji hayakuwapo.

Ukame wa mwaka huu kila mtu anaujua. Mabomba ya uwanja yalikohoa mara mbili yakatoa hewa. Lori la maji lililoahidiwa halikuonekana. Mwamuzi alingoja, akatazama saa, akapuliza filimbi. Mechi ikachezwa kwenye zulia kavu lenye vumbi la miezi miwili.

Caren anakiri hakulifikiria hilo. Mwaka mzima alikuwa ameota maji. Akasimama kando ya mstari akipaza lile neno lake, chini, chini, na Balwant akilirudia kwa nyuma. Wasichana wakacheza kama walivyofundishwa. Gongo chini, pasi ndefu za kuteleza. Lakini pasi hazikuteleza. Zilikwama njiani kama gari lililoishiwa petroli, na mara nyingine mpira ulidunda ghafla ukaruka juu ya gongo lililolazwa kwa utiifu. Sketi za kijani nao walihangaika, ila walikuwa na nguvu zaidi. Wakapata bao. Wakapata la pili.

Wakati wa mapumziko wasichana walikaa kwenye duara wakinywa maji. Wahu hakukaa.

"Kocha, huu si mpira wa paa," alisema. "Unaruka. Huu ni wa nyumbani."

Caren alimjia juu. Alimwambia mwaka mzima amekuwa akiwatoa tabia ya kuinua magongo, na leo ya leo, wakiwa nyuma mabao mawili, ndiyo wanataka kuirudia?

"Wewe uko nje ya mstari," Wahu alimjibu. Hakuinua sauti. "Sisi ndio tuko ndani. Shika mwenyewe."

Balwant alitazama viatu vyake. Caren akavuka mstari, akainama, akapitisha kiganja juu ya zulia, vile anavyofanya kila asubuhi kuangalia kama sabuni imetoka sakafuni. Aliinua mkono. Kiganja kilikuwa kikavu na chekundu kwa vumbi.

Alikitazama muda kidogo. Kisha akawaonyesha wote.

"Wahu ana haki," alisema. "Nimewapotezea nusu mechi. Hii ni murram iliyovaa nguo nzuri. Endeni mcheze ya nyumbani."

Kuna watu mjini ambao bado hawajapata sauti zao tangu kipindi kile cha pili. Magongo yaliinuka. Miguu ikaanza kuufuata mpira badala ya kuungoja. Pasi fupi, kimbia, pasi fupi, kama wanavyocheza kila alasiri na jua machoni. Sketi za kijani walipiga pasi zao ndefu na kila pasi ilipokufa katikati ya uwanja, alikuwapo mtu wa Kirichwa juu yake kama kuku juu ya mtama.

Wahu aliuiba mpira mmoja hivyo, akakimbia nao kutoka katikati, akapita wawili, akafunga. Mama yake alimkumbatia mtu wa karibu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mwenyekiti wa bodi. Nzula, kipa, alizuia kona mbili kwa miguu na moja kwa kifua. Na dakika zikiwa zimekonda, mpira uligonga gongo la beki, ukaruka juu, na kila msichana wa kijani akakaa tayari chini akiungoja utue. Millicent, mdogo kuliko wote, kidato cha pili, hakuungoja. Aliinua gongo kiganja kimoja, kile kiganja kilichowagharimu mabao tisa mwaka jana, akaukuta hewani na kuusukuma wavuni.

Mawili kwa mawili. Kilemba cha Balwant kilikuwa kimelegea upande mmoja na hakujali. Caren alikuwa amepiga magoti.

Ikaja mikwaju ya penalti. Sketi za kijani walifunga minne. Kirichwa walifunga mitatu. Wa mwisho, wa Wahu, uligonga mlingoti, na mlio wake ulisikika hadi langoni.

Hivyo wakatolewa. Pale pale walipotolewa mwaka jana.

Wasichana walilala juu ya zulia wakilia. Mwenyekiti alikunja mwavuli wake akaondoka. Na kila baada ya mechi, desturi ya shule ni kwamba magongo huwekwa kwenye gunia, gunia hurudishwa stoo, na stoo hufungwa. Mwalimu aliyeandamana nao alikuwa ameshalifungua mdomo lile gunia.

Caren alilichukua, akalikunja, akalikalia.

"Lieni, ni haki yenu," aliwaambia. "Lakini kila mtu na gongo lake nyumbani. Hakuna la stoo. Mzee Balwant aliwapa nyinyi, hakuipa stoo."

Balwant alisema ni kweli kabisa, na anayetaka kubishana aje dukani.

Jumatatu asubuhi wasichana kumi na sita waliingia lango la Kirichwa na mpini wa gongo ukichomoza kwenye kila mkoba. Na alasiri, lori lilipokuja na nguzo za uzio na waya, lilikuta uwanja una kazi. Timu ilikuwa imejigawa mbili, inacheza. Kandokando, kwenye pande zote, walikaa akina mama waliotoka Kinoo, Woodley na Kawangware, wengine na watoto mgongoni. Mama Wahu alikuwa na karai lake la viazi mahali hasa ambapo alama ya chokaa ilisema nguzo ya kwanza ichimbiwe.

Dereva alisubiri. Akashuka. Akamwendea kwa heshima.

"Mama, mechi inaisha saa ngapi?"

"Haiishi," alisema Mama Wahu, akampa kiazi.

Dereva alikula kiazi, akatazama, akaanza kushangilia upande mmoja. Giza lilipokaribia alisema yeye hulipwa kwa safari, si kwa shimo, akageuza lori na nguzo zake zote. Jumanne wasichana walikuwa uwanjani tena. Jumatano lori halikuja.

Alipoulizwa kwa simu, mwenyekiti alisema bodi haijaamua lolote kuhusu uwanja huo na kwamba vyombo vya habari visikuze mambo. Nguzo, inaonekana, zilikuwa zimeamua peke yake na kupanda lori. Hata hivyo bodi imeitisha mkutano wa wazazi Ijumaa hii alasiri, na ajenda ni moja: je, uwanja unatumika?

Juu ya paa, jua sasa limepanda. Upande wa maji umeanza kukauka kwenye kingo, na Caren anaurudishia maji kidogo. Wasichana wanavuka chaki kwenda na kurudi, gongo juu, gongo chini, juu, chini. Wahu amekosea mara mbili na anasugua pembeni bila kulalamika, huku akielekeza wenzake kwa mpini wa brashi.

"Nilidhani tulishindwa mwaka jana kwa sababu ya tabia ya nyumbani," Caren anasema. "Mwaka huu karibu tushindwe vibaya kwa kuiacha. Sasa sitaki waache kitu. Nataka wajue wamesimama wapi."

Ana mpango. Anautoa polepole, kama mtu anayefungua kifurushi mbele ya watoto. Baada ya penalti zile nahodha wa sketi za kijani alimfuata Wahu kumuuliza wanawezaje kuupata mpira unaoruka. Caren alisikia. Juzi alikwenda mwenyewe kwa kocha wao, na gambuti zake, akamwalika mechi ya kirafiki. Kocha amekubali. Basi la sketi za kijani litafika Kirichwa Ijumaa, saa kumi alasiri, saa ile ile ya mkutano wa bodi.

Balwant atakuwa mwamuzi. Musembi ameomba ruhusa kuja kuokota mipira kwenye ardhi, kwa mara ya kwanza. Mama Wahu anaulizia karai kubwa zaidi.

"Zulia lilitupiga tisa likatufundisha," Caren anasema, akifunga paipu. "Wacha na wao waje wafundishwe na kokoto. Wanabodi nimewapangia viti pembeni, nje ya mstari. Mtu akitaka kusema uwanja hautumiki, aseme. Lakini itabidi apaze sauti sana, maana siku hiyo kutakuwa na kelele."